Hela Ikiibwa kwa Simu, Nani Aifukuzie? Muamala Mmoja Kati ya Musoma, Bunda na Butiama

"Ile hela itume kwenye namba hii, ile yangu ina shida."

Kama una simu Tanzania, meseji ya aina hii umeshaipata. Pengine ulicheka, ukaifuta, ukaendelea na mambo yako. Lakini hebu fikiria imekukuta siku ambayo kweli kuna mtu anasubiri hela kutoka kwako, na ukaituma. Nani ana uwezo wa kuirudisha? Polisi? Kampuni ya simu? TCRA?

Jibu fupi: hakuna hata mmoja kati yao anayeweza peke yake. Jibu refu ndiyo makala hii. Tutafuata shilingi laki nne na themanini kutoka Musoma hadi Bunda, tupite Butiama, tuone ni wapi zingeweza kusimamishwa na nani. Watu wa mfano huu nimewabuni. Njia ambayo hela inapita sijaibuni.

Muamala mmoja, wilaya tatu

Tumwite Mama Nyangeta. Ananunua dagaa Mwigobero, kando ya ziwa pale Musoma mjini, anawasafirisha kwa wateja wake. Jumanne asubuhi anatakiwa kumtumia mwenye mtumbwi shilingi 480,000. Saa 4:10 inaingia meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Saa 4:12 anatuma. Kwenye skrini linatokea jina la mzee fulani asiyemjua, lakini mwenye mtumbwi ana ndugu wengi, na foleni ya wateja ni ndefu. Anabonyeza.

Saa 4:16 hela imeshagawanywa. Sehemu imehamia kwenye laini ya mtandao mwingine. Iliyobaki inatolewa taslimu kwa wakala mmoja karibu na stendi ya Bunda, na kijana aliyevaa kofia. Saa 4:31 mwenye mtumbwi anapiga simu: "Mama, mzigo uko tayari, mbona kimya?" Hapo ndipo Mama Nyangeta anajua kwamba amepigwa. Zimepita dakika 19.

Na lile jina kwenye skrini? Ni la Mzee Wambura, mkulima wa mihogo Butiama. Hajawahi kumtapeli mtu. Miezi kadhaa iliyopita, siku ya mnada, alisajiliwa laini na kijana mwenye mwavuli na kimashine cha alama za vidole. Kijana akamwambia, "Mzee, kidole hakijasoma, weka tena." Akaweka tena. Akaondoka na laini moja, kijana akabaki na ya pili. Sasa laini ile ya pili imefanya wizi kwa jina lake.

Angalia jinsi kosa lilivyokatwa vipande. Aliyeibiwa yuko Musoma, wakala aliyetoa hela yuko Bunda, na mwenye jina yuko Butiama. Aliyeandika meseji anaweza kuwa popote. Ripoti za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hutoka kila robo mwaka zikionyesha majaribio ya utapeli kwa mikoa, na katika miaka ya karibuni Rukwa na Morogoro zimeongoza mara kadhaa. Mara haiko juu kwenye orodha hiyo. Lakini meseji haihitaji kupanda basi ili ifike Musoma.

Meseji ilijuaje kwamba nadaiwa?

Hili ndilo swali ambalo kila aliyepigwa hujiuliza. "Walijuaje kwamba nilikuwa nataka kutuma hela?" Wengine huhisi kuna mtu ndani ya kampuni ya simu aliyevujisha. Mara nyingi jibu ni rahisi zaidi: hawakujua kitu. Ni hesabu tu.

Tuseme tapeli na wenzake wametuma meseji 10,000 asubuhi moja. (Namba hizi nimezitunga ili tuone hesabu inavyokwenda.) Tuseme katika kila watu 100, mmoja ana hela anayotakiwa kumtumia mtu siku hiyo: ada, kodi ya nyumba, mzigo, mchango wa msiba. Hao ni watu 100. Kati yao, tuseme mmoja katika kila 20 ana haraka na hapigi simu kuhakikisha. Wamebaki watu watano. Wakituma wastani wa shilingi 200,000 kila mmoja, tapeli amepata milioni moja kabla ya chakula cha mchana.

Watu 9,995 wameipuuza meseji. Hao tapeli hana habari nao. Kwa hiyo usimwite Mama Nyangeta mjinga. Hesabu hii haimtafuti mjinga, inamtafuta mtu mwenye shughuli. Kesho anaweza kuwa wewe.

Sasa igeuze hesabu hiyo hiyo. Wale 9,995 waliofuta meseji ni mashahidi 9,995. Kila mmoja alikuwa na namba ya tapeli mkononi mwake. Kama 50 tu kati yao wangeiripoti ndani ya dakika chache za mwanzo, laini ile ingeweza kufungwa kabla Mama Nyangeta hajafika kwenye namba ya siri. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na namba 15040 ya TCRA: unaitumia ile meseji ya kitapeli bila malipo, kisha unafuata maelekezo yanayorudi ili kuitaja namba iliyoituma. Tumezoea kudhani kwamba kuripoti ni kazi ya aliyeibiwa. Kumbe ripoti yenye thamani kubwa zaidi ni ya yule ambaye hakuibiwa, kwa sababu yeye anaweza kuiwahi.

Kila mmoja ana kipande chake

Tunaposikia "serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia zishirikiane", wengi wetu tunapata picha ya ukumbi wa hoteli, chupa za maji na bango la nyuma. Weka picha hiyo pembeni, tuangalie nani ameshika nini katika zile shilingi 480,000.

*Kampuni ya simu* inaona muamala. Inajua hela imetoka laini ipi, imeingia ipi, saa ngapi, imetolewa kwa wakala yupi. Ndiyo pekee inayoweza kuishika hela papo hapo. Lakini inaona mtandao wake tu. Hela ikihamia mtandao mwingine, macho yake yanaishia mpakani.

*TCRA* inasimamia kampuni zote za simu, kwa hiyo inaweza kuona kilichotawanyika: laini moja imelalamikiwa na watu wa mitandao minne tofauti. *Benki Kuu* ndiyo inayosimamia huduma za kifedha za simu, kupitia Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kwa hiyo laini iko chini ya msimamizi mmoja, na hela iliyomo ndani ya laini iko chini ya mwingine.

*Polisi* ndio wenye uwezo wa kukamata na kupeleleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huo huo. Imeweka makosa ya udanganyifu kwa njia ya kompyuta, na pia ya kujifanya mtu mwingine. Lakini polisi hawaoni muamala mpaka mtu aje kituoni, afungue jalada, apewe RB.

*NIDA* ina alama za vidole na jina. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Tulitarajia kwamba kila laini ikiwa na kidole, tapeli atajulikana. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu. Lakini mfumo unathibitisha kwamba kidole ni cha Mzee Wambura. Hauwezi kuthibitisha kwamba laini imebaki mkononi mwa Mzee Wambura. Hapo katikati yuko kijana wa mwavuli anayelipwa kwa idadi ya laini anazosajili, na kadiri anavyosajili nyingi ndivyo anavyopata.

*Wakala wa Bunda* alimwona mtu uso kwa uso. Katika msururu wote huu ni yeye pekee aliyemwona. Anatakiwa kuangalia kitambulisho, lakini foleni ipo, kamisheni ipo, na kijana ana haraka.

*Wananchi na vikundi vyao* wana kitu ambacho hakuna ofisi iliyo nacho: wanajua jambo limetokea kabla ya mtu yeyote mwingine, na wanaaminiana.

Ukiviunganisha vipande hivi, mwizi amekwisha. Vikikaa mbalimbali, mwizi ana dakika 19, na hizo zinamtosha.

Mkoa unaojua kufuata nyayo

Mtu wa Mara hahitaji kufundishwa habari hii upya. Anaijua kwa ng'ombe.

Ng'ombe wakiibiwa usiku, hakuna anayesubiri ofisi ifunguliwe. Linapigwa yowe. Watu wanatoka, wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha jirani, wenye kijiji hicho wanatakiwa kuonyesha zilikotokea upande wa pili. Wakishindwa, wana la kujibu. Kila jamii inajua wajibu wake: aliyeibiwa apige yowe mapema, jirani aitike, na kila mwenye eneo aonyeshe nyayo zilikotokea. Mbio zote hizo ni za kuwawahi ng'ombe kabla hawajavuka mpaka au kuchinjwa, kwa sababu baada ya hapo unafukuzia ngozi.

Shilingi 480,000 za Mama Nyangeta ni ng'ombe. Nyayo zake zimeandikwa vizuri kuliko za ng'ombe yeyote, mpaka sekunde. Zilitoka Musoma, zikaingia kwenye laini ya Butiama, nusu zikavuka kwenda mtandao mwingine, nusu zikachinjwa Bunda stendi. Hakuna mvua ya kuzifuta. Tulichokosa ni yowe la mapema, na wenye maeneo walio tayari kuitika bila kuulizana kwanza nani ana barua ya nani.

Lakini habari ya ng'ombe ina upande wa pili, na ni haki tuuseme. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya sungusungu vilianza Usukumani na Unyamwezini kwa sababu ya wizi wa mifugo, vikasambaa maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa, na mwaka 1989 sheria ikabadilishwa ili vitambulike. Vilisaidia. Vilevile viliumiza: watu walipigwa, walitozwa faini, wengine waliuawa kwa kutuhumiwa tu. Waliofuata nyayo upesi walijikuta pia wanahukumu upesi, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Shika tofauti hiyo, maana ndiyo moyo wa makala hii.

Kuzuia ni dakika, kufichua ni utaratibu

Mama Nyangeta akipiga simu kwa mtoa huduma saa 4:32, anaomba vitu viwili, hata kama yeye anaona ni kimoja.

La kwanza: "Izuieni hela yangu." Yaani kama bado iko kwenye laini yoyote, isitoke.

La pili: "Niambieni ni nani aliyeichukua." Yaani jina, mahali alipo, namba alizowasiliana nazo.

Maombi haya yanafanana, lakini uzito wake haufanani. Hela ikizuiwa kimakosa, inaweza kuachiwa kesho. Mtu amepata usumbufu, lakini hakuna kilichoharibika moja kwa moja. Siri ya mtu ikishatolewa, hairudi. Ukimpa Mama Nyangeta jina la Mzee Wambura na kijiji chake asubuhi ile, jioni vijana wa Musoma wanaweza kuwa mlangoni kwa mzee asiye na kosa.

Kwa hiyo kanuni inayofaa ni hii: kuzuia kuwe kwa dakika, kufichua kuwe kwa utaratibu wa sheria. Tatizo letu, kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingi mambo haya mawili yanapitia mlango mmoja. Mtu anaambiwa, "Nenda polisi kwanza, ulete RB." Kwa kufichua, hiyo ni sawa kabisa. Kwa kuzuia, ni kama kumwambia mwenye ng'ombe aandike barua kabla ya kupiga yowe.

Kanuni hii si yangu. Mkataba wa Budapest kuhusu makosa ya mtandao, uliofunguliwa kwa ajili ya kusainiwa Novemba 2001, umetenganisha kuhifadhi taarifa za kidijitali kwa haraka zisifutwe, na kuzitoa kwa wapelelezi, jambo ambalo lina masharti yake. Pia unazitaka nchi wanachama ziwe na ofisi ya mawasiliano inayopatikana saa 24, siku saba za wiki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliopitishwa na Baraza Kuu Desemba 24, 2024, nao una kipengele cha kuhifadhi kwa haraka. Hata sheria yetu ya 2015 ina kifungu cha 32 kuhusu kutoa taarifa na kifungu cha 33 kuhusu kuzihifadhi haraka. Mikataba hiyo inazungumzia taarifa, haizungumzii salio la simu. Lakini mantiki ni ile ile: kwanza simamisha kisiharibike, halafu uulize kwa utaratibu.

Hata kuzuia nako kunahitaji breki. Fikiria mnunuzi amechukua dagaa wa Mama Nyangeta, amemlipa, halafu anapiga simu: "Nimetapeliwa, zuieni hiyo hela!" Kama kuzuia hakuna masharti, tapeli mpya amezaliwa. Ndiyo maana kizuizi kinatakiwa kiwe kifupi, kiwe na njia ya kukikatia rufaa, na anayetoa taarifa ya uongo awajibike.

Mwananchi atatoa taarifa kwa nani asiyemwamini?

Hapa ndipo asasi za kiraia zinapoingia, na hazipo kwa ajili ya kupamba meza. Zina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuifikisha habari inapotakiwa. Mwaka 2024 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya Sitapeliki, iliyowaweka pamoja serikali, TCRA, Jeshi la Polisi na kampuni za simu. Ni hatua nzuri. Lakini bango la Dar es Salaam halimfikii Mzee Wambura. Kinachomfikia ni mahubiri ya Jumapili, kikao cha kijiji, kikundi cha VICOBA ambacho mkewe anaweka akiba, vikundi vya ulinzi wa mialo kule ziwani, na redio za karibu kama Mazingira FM ya Bunda na Victoria FM ya Musoma. Mzee anayefikiri kwa Kizanaki na kuambiwa "hakiki usajili wako" hajaambiwa kitu. Akiambiwa na katibu wa kikundi chake, "Lete simu tubonyeze *106# tuone kidole chako kimesajili laini ngapi," ameambiwa jambo la kufanya.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi: kumwangalia mwenye nguvu. Sheria ile ile inayomkamata tapeli ina vifungu vilivyolalamikiwa tangu siku ya kwanza, hasa kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, kwa sababu kinaweza kumgusa mtu aliyeandika maoni tu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na baadaye akashtakiwa chini ya sheria hiyo kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa lake. Unaweza kuwa na msimamo wowote juu ya kesi hiyo. Lakini angalia matokeo yake kwa mtu wa kawaida: akianza kuamini kwamba idara ya makosa ya mtandao inashughulika na waandishi na wakosoaji, hataipelekea malalamiko yake ya laki nne. Atanyamaza, na ukimya wake ni faida kwa tapeli.

Kwa hiyo asasi inayoikosoa sheria haivurugi ushirikiano. Inalinda ile imani ambayo bila hiyo hakuna atakayepiga yowe. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ni sehemu ya vita hii hii. Kijana wa mwavuli aliyechukua kidole cha mzee mara mbili amechukua taarifa binafsi kwa hila. Tumezoea kuliita hilo tatizo la laini. Ni tatizo la mwili wa mtu kutumika bila ridhaa yake.

Kuna pia aibu. Mama Nyangeta anaweza asimwambie hata mumewe. Mfanyabiashara aliyepigwa anaogopa kuonekana hajui kazi. Na Mzee Wambura, akisikia jina lake limetumika, anaogopa kwamba akienda polisi ndiye atakayewekwa ndani. Hofu hiyo si ya kipuuzi, kwa sababu karatasi zote zinamtaja yeye. Mtu kama huyo anahitaji mtu wa kumsindikiza: mwenyekiti wa kijiji, msaidizi wa kisheria, mtu wa kanisani. Ushirikiano wa pande tatu, ukiutazama kutoka Butiama, ni mzee anayeingia kituoni bila kuogopa.

Serengeti nyingine

Ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Bunda unapita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Huenda hujui kwamba jina hilo limeshatumika kuwinda wahalifu wa mtandao. Kuanzia Septemba 2 hadi Oktoba 31, 2024, Interpol na Afripol waliendesha Operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walikamatwa washukiwa 1,006. Waathirika waliotambuliwa walizidi 35,000, na hasara iliyohusishwa na makosa hayo duniani ilikaribia dola milioni 193. Awamu ya pili ilifanyika Juni hadi Agosti 2025 ikihusisha nchi 18 za Afrika na Uingereza. Walikamatwa washukiwa 1,209 na zikaokolewa dola milioni 97.4.

Kinachotuhusu hapa ni jinsi ilivyofanyika. Polisi wa nchi hizo hawakufanya kazi peke yao. Kampuni binafsi za usalama wa mtandao, kama Group-IB, Kaspersky na Trend Micro, zilitoa taarifa za seva na anwani zilizokuwa zikitumika, Interpol ikazipeleka kwa nchi husika, na polisi wa kila nchi wakakamata kwa sheria zao. Kila mmoja alileta kipande chake. Kampuni haikukamata mtu, na polisi hawakuanza kutafuta seva moja moja.

Kama nchi 19 zenye lugha, sheria na sarafu tofauti zinaweza kufuata nyayo pamoja, basi kampuni za simu za nchi moja, polisi wa mkoa mmoja na mawakala wa wilaya tatu zinazopakana wanaweza pia. Tofauti ni kwamba operesheni ina tarehe ya kumalizika. Meseji ya "ile hela" inaingia kila siku.

Ukipigwa, au ukikoswa

Usiondoke bila kubeba haya.

Ukipata meseji ya kitapeli na hujatuma kitu, usiifute kwanza. Ipeleke 15040. Inachukua dakika moja, na pengine ndiyo dakika itakayomwokoa mama wa Mwigobero.

Kabla ya kutuma hela kwenye namba mpya, piga simu. Usijibu kwa meseji, piga kwa namba ya zamani unayoijua, usikie sauti ya mtu mwenyewe. Na jina likitokea usilolijua, simama.

Mtu akijitambulisha kwamba anatoka huduma kwa wateja, angalia namba. Kampuni za simu zimetangaza kwamba zitakupigia kwa namba 100 pekee. Na namba yako ya siri hakuna anayestahili kuiomba, hata huyo wa 100.

Ukishatuma, usianze kwa kulia wala kumtukana tapeli kwa meseji. Piga 100 mara moja, taja namba ya muamala na saa, omba hela izuiwe. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB. Tunza meseji zote. Hata ukichelewa, toa taarifa: hela yako inaweza kuwa imeondoka, lakini laini iliyoiba bado inafanya kazi.

Leo jioni, bonyeza *106# kwenye simu yako, kisha kwenye simu ya baba, mama au bibi. Mkikuta laini msiyoijua, nendeni kwenye duka la mtoa huduma ifutwe. Laini moja ikifutwa Butiama, kuna mtu Bunda atakosa pa kupitishia hela.

Tumrudie Mama Nyangeta. Hizo 480,000 hazikuwa zake zote. Sehemu ilikuwa mkopo wa kikundi, na marejesho ni Ijumaa. Nyuma ya muamala mmoja uliochukua dakika nne kuna wanawake wengine kumi na kitu wenye akiba iliyotikisika, mwenye mtumbwi ambaye hajalipwa, na mzee Butiama ambaye jina lake limechafuka bila kujua. Watu wanaoweza kuizuia hela hiyo wapo, na vifaa vipo. Nyayo zinasomeka. Kinachotakiwa ni kwamba yowe likipigwa Musoma saa 4:32, asiwepo wa kujibu, "Njoo kesho na barua."